Magari Anayoyasubiri Baba

Langley Park, Maryland
Jumapili ya pili ya Februari

Kwako Mama yangu,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya leo, na ya pili ni ile ambayo hunipi nafasi ya kuisema kwenye simu kabla hujaniuliza kama nimekula. Nimekula. Mimi ni mzima, ila kifua kilinibana kwa baridi mwezi uliopita, sasa kimeachia. Wewe hujambo? Mguu wa Bibi umepungua uvimbe? Na Shabani ameanza vizuri darasa la tatu, au bado anajificha chooni mwalimu wa hesabu akiingia?

Leo nimeapa kukueleza kila kitu. Mwalimu wangu wa hapa husema barua njema ni ile ambayo mwandishi wake hakuruka mahali pagumu. Nitajitahidi nisiruke. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni moja, yangu na ya Baba, na ujumbe ukiingia yeye ndiye hufungua kwanza. Barua hii anakuletea Mama Sauda, jirani yetu wa chini, yule Mtanga anayetunza wazee. Anakuja kumwoza mwanawe na atapitia Morogoro. Baba aliponiona naiandaa bahasha aliniuliza ni nini, nikasema ni matokeo yangu ya shule. Nimedanganya, nalijua hilo.

Mwezi uliopita uliniuliza kwa sauti ya chini, kama vile Bibi alikuwa karibu: "Rehema, baba yako ana nini siku hizi? Namwambia neno, ananijibu 'sawa, sawa', halafu anakupa wewe simu. Amenichoka?" Nikakwambia hapana, kazi tu zimemchosha. Nilisema bila kujua. Sasa najua, na hiyo ndiyo habari ya barua hii. Lakini niruhusu nianze na magari, maana kila kitu kimeanzia huko.

Wiki nne zilizopita Baba alinipeleka mjini Washington kwenye maonyesho ya magari. Tiketi alipewa na Papaa Ilunga, yule Mkongo wa Lubumbashi mwenye gereji anakofanya kazi. Ukumbi ni mkubwa kuliko soko lote la pale nyumbani, una zulia, na magari yamewashiwa taa kama maharusi. Tuliyapita yote ya mafuta bila kusimama. Baba alikuwa anatafuta ya umeme, hasa yale ambayo bado hayajaanza kuuzwa. Alininunulia daftari jipya kwa kazi hiyo.

"Andika," aliniambia. "Andika yote yanayokuja, ya mwaka ujao na ya mwaka unaofuata. Hayo ndiyo yatakayotulisha."

Niliandika kurasa sita, Mama. Lipo pikapu dogo litakalouzwa tupu, halina rangi wala redio, mnunuzi aliongezee vitu mwenyewe kidogo kidogo kama mtu anayejenga nyumba. Baba alilipenda hilo akacheka peke yake. Lipo la familia lenye safu tatu za viti, ambalo umeme ukikatika unachomeka waya, nalo linaiwashia nyumba yako usiku kucha. Hapo nilikufikiria wewe na barafu zako za ubuyu zinavyoyeyuka kila umeme unapokatika. Lipo jingine dogo la watu wanne, wanasema bei yake itakuwa ya mtu wa kawaida. Tena kuna betri mpya inayotengenezwa, isiyo na majimaji ndani, wanasema itajaa umeme kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Dada aliyekuwa akitueleza alisema "wanasema" mara nyingi, kwa hiyo nami nikaandika "wanasema" pembeni, ili mtu asije akatuuliza.

Baba aliomba afunguliwe boneti ya lile la familia. Ndani hamkuwa na injini. Palikuwa na sanduku safi la kuwekea mizigo, basi. Alitia mkono, akapapasa mpaka chini.

"Wamehama!" akasema. "Injini imehama na godoro lake."

Kisha akanigeukia, akaniambia maneno ambayo siku ile sikuyaelewa. "Haya, mwanangu, hayasikilizwi. Yanasomwa. Unachomeka kompyuta, gari linakwambia lenyewe linaumwa wapi. Hata mzee anaweza."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu tushuke kwenye ndege. Mimi nilishangaa. Unamjua Baba. Ni yule aliyekuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, halafu anasema "valvu ya tatu", na ikifunguliwa ni valvu ya tatu. Watu walitoka Dodoma wamfuate yeye pale Msamvu. Iweje mtu wa namna hiyo afurahie gari lisilo na cha kusikiliza? Nilijiuliza njia nzima ndani ya treni, lakini yeye sikumuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye gereji. Kila Jumamosi mimi huwaandikia kadi za wateja, kwa kuwa Baba Kiingereza anakisema, lakini kukiandika kunamtoa jasho. Siku hiyo alikuja Mwalimu Dorothea. Huyu ni mama mzee, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa kule Shaw, mjini Washington. Alijifunza Kiswahili chuo kikuu akiwa msichana na hajakiacha. Ana gari dogo jeupe la umeme, na alikuwa amelileta kubadilishiwa matairi. Akimwona Baba hunyoosha mgongo kwanza.

"Hujambo, Bwana Fundi? Je, gari langu li buheri wa afya?"

"Li buheri, Mwalimu. Linakusalimu."

Papaa Ilunga husikitika kila mara. "Eh! Hawa wawili, Kiswahili yao ni ya redio."

"Afadhali ya redio, Papaa," Baba humjibu. "Chako wewe kimekufa shokapu."

Matairi yalipokwisha, Mwalimu akaingia garini arudi nyuma atoke. Baba alikuwa ameinama nyuma ya gari akiokota nati zilizomwagika. Mimi nilikuwa mlangoni na kadi mkononi. Sasa, Mama, magari haya yakirudi nyuma hutoa sauti makusudi ili watu wasigongwe. Ni sauti kama ya watu wanaoimba "mmm" huku wamefumba midomo. Niliisikia vizuri kabisa. Nilimwona Baba hainuki. Nikadhani amesikia, nikadhani anamalizia nati ya mwisho, ndiyo maana sikupiga kelele. Hapa mwandiko umeharibika kidogo, univumilie. Gari lilimgonga nyonga, akaanguka akitanguliza goti na kiganja.

Mwalimu Dorothea alitoka garini hana hata kiatu kimoja. "Mungu wangu, Bwana Fundi, nimekuua!"

"Hujaniua, Mwalimu. Nimekaa tu chini."

Papaa Ilunga akaja mbio kutoka ofisini. "Hii magari ni buchawi! Haina sauti! Inakuja sawa na paka!"

"Ni kweli," Baba akasema, akijipangusa. "Halikulia. Sikusikia kitu."

Wote wakaamini. Mimi nilifungua mdomo. Baba akanitazama, nikaufunga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akichechemea. Njia yetu inapita kando ya uzio wanakojenga reli mpya, na siku ile mashine zilikuwa zinatoboa zege. Mimi niliziba masikio. Baba alitembea kama mtu aliye barazani kwake. Akaniuliza kitu, sikumsikia, akarudia kwa sauti.

"Rehema, lile gari lilikuwa linalia?"

"Ndiyo, Baba."

Nilijibu kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia kwa zile kelele, lakini yeye aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Hapo nikaelewa kwa nini mezani lazima nikae mbele yake, na kwa nini televisheni yetu lazima iwe na maandishi hata ikiwa ya Kiswahili.

"Lilikuwa linalia kwa nguvu?"

"Kama friji yetu ya hapa, Baba. Kwa nguvu kiasi."

Tulipofika kwenye taa za kuvukia barabara akasema, "Basi lilikuwa kimya. Umesikia? Lilikuwa kimya."

"Ndiyo, Baba."

Nimelibeba hilo wiki tatu sasa. Na halikukaa mahali pamoja. Mwalimu Dorothea ameacha kuendesha. Alikuja gereji kwa treni na basi, umri ule, na baridi ile, amebeba keki ya viazi vitamu, akamwambia Papaa Ilunga amtafutie mnunuzi wa gari. "Mimi ni mkosaji," alisema. "Nilimgonga mtu mwema. Mikono yangu haistahili tena usukani." Baba alikula keki, akasema asante, akaitazama sahani mpaka Mwalimu alipoondoka. Papaa Ilunga naye amebandika tangazo ukutani kwamba magari ya umeme hayana sauti, kila mtu ajihadhari. Tangazo hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu.

Bado sijafika mahali pagumu, Mama. Ni hapa.

Jana Papaa Ilunga alitukusanya. Alisema gereji yake inaingia kwenye magari ya umeme, na mafundi wawili watakwenda chuoni upande wa Upper Marlboro kwa mafunzo ya miezi miwili. Yeye mwenyewe ni mmoja. Wa pili amemchagua Baba. Baba aliinamisha kichwa kama mtu anayevishwa shada. Kisha Papaa akatueleza utaratibu ambao amejiwekea, maana umeme wa magari hayo si wa taa na honi. Ule mkubwa hupita kwenye nyaya za rangi ya chungwa, na unaua.

"Sikieni, ba fundi. Hii mawaya haipendi muchezo. Mutu mumoja anakaa nyuma ya gari, anatoa kizibo ya kuranti, anangojea dakika zake, anapima. Ikiisha, anaita: 'Kavu!' Ule wa mbele anaitika: 'Kavu!' Njo anagusa. Kama haukusikia 'kavu', haugusi. Voilà."

'Kuranti' kwake ni umeme, na 'kavu' ni kwamba nyaya hazina umeme tena. Wakajaribu kwenye gari bovu lisilo na betri. Papaa alikuwa nyuma, ameinama, uso wake hauonekani. Baba alikuwa mbele, amevaa glovu nene, mikono hewani. Mashine ya hewa ilikuwa inanguruma pembeni kama kawaida. Nilikuwa namtazama Baba midomo. Alikuwa anahesabu, Mama. Alihesabu mpaka alipoona inatosha, akasema "Kavu!" na akashika waya.

"Fundi!" Papaa akaruka juu. "Minasema bado! Sijaita!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mutanzania iko na haraka ya kwenda mbinguni." Papaa akacheka mpaka akashika kiuno. Baba naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, kama anavyochelewa siku hizi kwenye kila mzaha, baada ya kuona meno ya wenzake.

Lile gari halikuwa na betri. Ya chuoni yatakuwa nayo.

Jioni nilimkuta jikoni anakata vitunguu, amenipa mgongo. Nilisimama mlangoni nikasema, si kwa kunong'ona, kwa sauti ile ninayosomea darasani: "Baba, Mama anauliza kama umemchoka." Kisu kiliendelea. Nikasema tena. Akachukua kitunguu kingine, akakimenya vizuri, akakikata. Alipogeuka kuchukua mafuta akaniona. "Ah, umerudi saa ngapi?"

Nilikaa mbele yake, palepale anapopataka, nikalia. Ndipo akaniambia. Sikio la kushoto lilianza kufa tangu nyumbani. Hapa zile bunduki za hewa za kufungulia nati zimemalizia na la kulia. Wenzake wote huvaa vizibo. Yeye hakuvaa hata siku moja, kwa kuwa fundi anayeziba masikio, alisema, ni kama mpishi anayejibana pua. Amekuwa akibahatisha injini kwa kuzishika na kiganja. Kwa hiyo anayasubiri magari ya umeme kama mgonjwa anavyosubiri zamu yake kwa daktari. Yakija yote, hakuna atakayejua.

"Na Mama?" nikamuuliza.

"Mama yako simuoni mdomo. Ile simu yake ya kitochi haina picha. Kwangu sauti yake imekuwa upepo tu. Nasema 'sawa' nisije nikasema 'nini?' mara kumi. Bora adhani nina shughuli kuliko ajue anaongea na ukuta."

"Wewe si ukuta, Baba."

"Usimwambie. Yule alinichagua mimi kati ya mafundi wote wa pale kwa sababu nilisikia ubovu wa gari la baba yake nikiwa ng'ambo ya barabara. Usimwambie, Rehema."

Sikumjibu, Mama. Sikusema ndiyo, ili leo nisiwe nimevunja ahadi. Nilimwomba yeye mwenyewe amwambie Papaa Ilunga. Akasema Papaa ana moyo mzuri, lakini gereji si hospitali, na nafasi ile ikipotea kuna watano wanaoingoja. Kisha akaweka sufuria jikoni, mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi sijakata tamaa. Wiki iliyopita nesi wa shule yetu aliniambia ipo kliniki ya masikio karibu na hapa inayopokea watu kama sisi, na kwamba kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni ambavyo huwarudishia watu sauti, si zote, lakini nyingi. Nimeshamwandikisha Baba. Ni siku ya Alhamisi, siku mbili baada ya Mama Sauda kurudi, na mafunzo yanaanza Jumatatu yake. Tena nimewaza jambo jingine: badala ya kuita "kavu", kwa nini wasiwashe taa? Taa ya kijani mbele ya macho ya Baba, na yeye ajibu kwa mkono. Ningemwambia Papaa hivyo leo hii. Lakini Papaa hawezi kuweka taa kwa ajili ya mtu ambaye yeye anaamini kwamba anasikia.

Ninachokuomba ni barua. Mwandikie Baba kwa mkono wako, umpe Mama Sauda. Neno lako analiamini kuliko langu, na kwenye karatasi atakusikia lote. Mwambie unajua. Kama unaweza, mwambie hukuolewa na fundi wa masikio tu. Hayo unayajua wewe zaidi, mimi naandika mambo ya wakubwa, unisamehe. Na mwambie kuna mama mzee kule Shaw ambaye ameacha kuendesha gari lake kwa kosa ambalo si lake, maana hilo Baba linamla kuliko nyonga. Namwona anavyolizunguka lile gari jeupe lililobandikwa karatasi ya kuuzwa, analifuta vumbi hata kama halina.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, umwambie mwanawe anakula na anaswali. Nisalimie Shabani, mdogo wangu, umwambie lile daftari la magari nitamtumia likijaa. Nisalimie Mjomba Hamisi, mshona viatu wetu, na Shangazi Mwajuma ambaye alinisuka siku ya safari. Usimsahau Mzee Athumani, fundi wa rangi, ambaye bado anafagia gereji ya Baba kila asubuhi kama vile mwenyewe anarudi kesho.

Mama Sauda atakaa huko wiki tatu tu, kwa hiyo jibu lako lazima lirudi naye. Na kwenye karatasi yangu mimi, si ya Baba, naomba unijibu jambo moja. Baba akisoma maneno yako na bado akakataa kwenda Alhamisi, unaniruhusu niende mwenyewe kwa Papaa Ilunga kabla ya ile Jumatatu nimweleze, hata kama Baba hataniita tena mwanangu?

Mwanao,
Rehema